Neno «prevent» la Kiingereza

Ndugu zetu waseminari wanaosoma Kiingereza hudanganywa mara nyingi na neno «prevent». Sisi tuliozoea Kifransa twadhani ni «prévenir», yaani kuarifu mbele. Sivyo. Siku hizi maana yake ni kuzuia. Ukitaka kusema: «Padri alinionya,» ukatumia neno hilo, Mwingereza atasikia ya kwamba Padri alikuzuia. Nyuma yake huwekwa «from»: «prevent him from going», kumzuia asiende.

Zamani haikuwa hivyo. Neno latoka katika Kilatini, «praevenire», maana yake kuja mbele, kutangulia. Biblia ya Douay-Rheims, na ile ya Waprotestanti ya mwaka 1611, zimeliandika katika barua ya kwanza kwa Watesalonika, sura ya 4. Msomaji wa leo aweza kudhani Mtume asema ya kwamba walio hai hawatawazuia wafu wasifufuke! Kumbe asema hawatawatangulia. Tafsiri ya Revised Standard Version, mwaka 1946, imeweka «precede».

Hatari kubwa zaidi iko katika mafundisho ya neema. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulifundisha ya kuwa neema ya Mungu hututangulia, pasipo stahili zetu zozote: ndiyo «gratia praeveniens». Vitabu vya Kiingereza vya kale huiita «preventing grace». Mkatekista akiyafasiri maneno hayo kwa Kiingereza cha leo, atawafundisha wakatekumeni neema inayozuia watu, nao watauliza: inatuzuia tusifanye nini?