Soko la mashine za kupimia magari: mwenye gari moja anunue ipi?

Taa ya injini ikiwaka kwenye Toyota IST au Nissan X-Trail, iwe Dar es Salaam au Nairobi, neno la kwanza la fundi ni kwamba gari lipimwe kwa mashine. Kwa miaka mingi kupima huko kulikuwa biashara inayojitegemea: gereji yenye mashine ilitoza kwa kuichomeka tu, kabla ya kufungua hata bolti moja. Leo kifaa kinachoenea kiganjani kinasoma habari zilezile na kuzituma kwenye simu. Mwenye gari anayependa kushika spana mwenyewe nyumbani hapati tabu ya kukipata. Tabu yake ni kuchagua, maana bei zinaanzia kama dola 10 na kupita 1,000, na karibu kila boksi limeandikwa kwamba linasoma magari yote.

Maandishi hayo ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza.

Soko hili ni mtoto wa sheria za moshi. Jimbo la California lilianza, kisha Marekani nzima ikataka kila gari dogo jipya, kuanzia matoleo ya 1996, liwe na mfumo wa OBD-II: soketi ya pini 16 karibu na usukani, na misimbo ya hitilafu inayofanana kwa viwanda vyote. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na ya dizeli baadaye. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na soketi yake na lugha yake, na mashine zilinunuliwa na gereji zenye mtaji. Sheria ilipoleta lugha ya pamoja, yeyote aliyejua elektroniki aliweza kutengeneza kisomaji na kukiuza.

Aliyewarahisishia wengine kazi hiyo hakuvuna sana. Kampuni ya Kanada, Elm Electronics, ilitengeneza chipu ya ELM327, inayogeuza lugha ya gari kuwa maandishi ambayo kompyuta au simu yoyote inayaelewa. Toleo la kwanza liliuzwa bila kufungwa dhidi ya kunakiliwa, na wanakili wakalichota lote. Nakala zikamiminika kwa bei ambayo mwenye mali asingeimudu. Ukiona kifaa kimeandikwa ELM327 toleo la 1.5, hiyo ni nakala bila ubishi, kwa kuwa Elm haikuwahi kutoa toleo lenye namba hiyo. Kampuni ilifunga shughuli zake mwaka 2022. Jina lake bado linauzwa kila kona.

Nakala hizo si takataka zote. Nyingi zinasoma na kufuta misimbo sawasawa. Udhaifu wake huonekana unapotaka takwimu za haraka au amri adimu, na nyingine zikiachwa kwenye soketi usiku kucha hunyonya betri. Mwenye iPhone aangalie zaidi: vifaa vingi vya bei ya chini vinatumia Bluetooth ya zamani, ambayo Android inaipokea na iPhone inaikataa, hivyo atafute chenye Wi-Fi au Bluetooth LE. Aliye tayari kulipa mara kadhaa ya bei hiyo atapata vifaa kama OBDLink, vyenye chipu nyingine na mawasiliano yasiyokatikakatika.

Kwetu Afrika Mashariki kuna kikwazo ambacho maelezo ya Kimarekani hayakigusi. Magari yetu mengi yalitengenezwa yauzwe Japani, na kiwanda kinachouza Japani hakikubanwa na sheria ya California. Magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 yana soketi ileile ya pini 16, ila kompyuta ya injini inazungumza lugha ya kiwanda chake. Mnunuzi anachomeka kifaa kipya, simu inamjibu kwamba haijaunganishwa, naye anamlaumu muuzaji. Kifaa ni kizima. Kenya, inayokataa magari yaliyopita miaka minane, haiingizi tena ya umri huo. Tanzania haiyazuii, inayatoza ushuru wa ziada, kwa hiyo bado yamejaa barabarani. Kwa Toyota nyingi za zamani mafundi wana njia ya waya: unaunganisha pini ya 4 na ya 13 za soketi, unawasha swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa inavyokonyeza. Gharama yake ni kipande cha waya, na umakini wa kutokosea pini, kwa sababu ya 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Kwa hiyo kabla ya bei, kabla ya chapa, kifaa kichomekwe kwenye gari lako mbele ya muuzaji. Asiyekubali hilo, duka la jirani lipo.

Tuseme kimeunganika. Msimbo wenyewe ni taarifa ndogo kuliko watu wanavyodhani, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. P0301 inasema silinda namba 1 inamisi. Haisemi ni plagi, koili au nozeli. Dukani utashauriwa ununue koili zote nne. Nyumbani unahamisha koili ya kwanza kwenda silinda ya pili, unafuta msimbo, unaendesha. Ukirudi kama P0302, koili ndiyo mbovu na unanunua moja. Ukibaki P0301, koili haina kosa. P0420 inadai masega ya eksozi hayasafishi moshi inavyopaswa, na masega mapya ni ghali. Lakini tundu kwenye eksozi au sensa ya oksijeni iliyochoka inaweza kuleta msimbo huohuo.

Ndiyo maana kifaa kinachoonyesha misimbo pekee, hata kikiwa na kioo kizuri cha rangi, ni ununuzi mbaya siku hizi. Tafuta kinachoonyesha takwimu injini ikiwa inaunguruma. Programu za simu kama Torque na Car Scanner zinafanya hivyo hata kwa kifaa cha bei ya chini. Chukua P0171, msimbo unaosema hewa imezidi mafuta. Kuna namba inayoonyesha ni asilimia ngapi ya mafuta kompyuta inaongeza ili kufidia upungufu. Ikiwa juu gari likiwa kwenye silensa, kisha ikashuka ukikanyaga hadi mizunguko 2,500, tafuta mpira wa hewa uliochanika. Ikipanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, geukia pampu ya mafuta, chujio au sensa ya hewa. Dakika kumi za kutazama namba hiyo zinaweza kukuepusha na kununua pampu usiyoihitaji.

Faida nyingine ni wakati wa kununua gari. Muuzaji aliyefuta misimbo asubuhi amezima taa, lakini amefuta pia kumbukumbu ya majaribio ambayo gari hujifanyia. Kifaa cha kawaida kitaonyesha majaribio hayo hayajakamilika, na magari mengi huonyesha hata kilomita zilizotembewa tangu misimbo ifutwe. Gari la yadi linalosemwa halijawahi kusumbua, na misimbo yake imefutwa kilomita mbili zilizopita, lina maelezo ya kutoa.

Sasa tupande ngazi ya bei. Sheria ya moshi ililazimisha lugha ya pamoja kwa mambo ya moshi tu. Breki za ABS, mifuko ya hewa, gia boksi kwa undani, handibreki ya umeme: hayo yamebaki siri ya kila kiwanda. Shenzhen, nchini China, imejenga tasnia juu ya siri hizo. Launch iliyoanzishwa mwaka 1992 na Autel ya mwaka 2004 zinauza tableti zinazoingia kwenye mifumo ya makumi ya chapa, na zile za juu zinatoa amri: washa feni, fungua vali, rudisha nyuma pistoni za breki ili pedi mpya ziingie. Sehemu kubwa ya unacholipia ni hifadhidata, na mara nyingi utailipia tena. Visasisho huja bure kwa mwaka mmoja au miwili kwa nyingi, kisha huanza ada ya kila mwaka. Ukiacha kulipa, kwa kawaida mashine hubaki na iliyonayo. Soma masharti kama kweli ndivyo.

Kwa gereji hesabu hiyo inalipa. Leo linaingia Subaru, kesho Mercedes, na upana wa hifadhidata ndio mtaji. Nyumbani kuna gari moja, pengine mawili. Anayenunua tableti ya dola 500 ili atengeneze Toyota yake analipia BMW, Volvo na Peugeot ambazo hatazigusa. Kwa maoni yangu huyo anahitaji kina cha chapa moja, na kina hicho kinauzwa kwa bei nafuu kuliko upana. Wenye Volkswagen na Audi wana programu ya VCDS ya kampuni ya Kimarekani ya Ross-Tech. Wenye Ford na Mazda wana FORScan. Mwenye Nissan Leaf anatumia LeafSpy kujua afya ya betri iliyobaki, jambo ambalo mashine nyingi za jumla haziligusi. Kwa Toyota Prius kuna programu ya simu iitwayo Dr. Prius: betri kubwa ya Prius za kizazi cha pili na cha tatu ina moduli 28, na programu hiyo, kwa kifaa cha kawaida cha Bluetooth, inaonyesha volti za kila jozi, kwa hiyo iliyochoka inajulikana kabla hujauziwa betri nzima. Toyota yenyewe ina programu yake, Techstream. Nakala zake zilizovunjwa kufuli huuzwa mtandaoni pamoja na waya, kwa bei ya kushangaza. Mbali na kuwa wizi, ni programu usiyoijua unayoiingiza kwenye kompyuta yako.

Magari mapya yanafunga mlango zaidi. Mwaka 2015 watafiti Charlie Miller na Chris Valasek walionyesha kwamba Jeep Cherokee inaweza kuvamiwa kwa mbali, na Fiat Chrysler ikayarudisha magari milioni 1.4 ili yarekebishwe. Kuanzia matoleo ya 2018 kampuni hiyo iliweka lango la usalama: mashine ya nje inasoma misimbo, lakini kufuta au kuamuru kunahitaji akaunti iliyosajiliwa. Viwanda vingine vimeweka malango yao. Huko Marekani, jimbo la Massachusetts lilipitisha mwaka 2012 sheria ya haki ya kutengeneza gari lako, na ubishi kuhusu takwimu zinazorushwa hewani bado haujaisha. Kwetu malango haya yatafika na magari yenyewe, yakiwa yametumika miaka saba au minane.

Anayefikiria tableti iliyotumika, kwa kuwa zinaanza kupatikana, aulize kwanza akaunti. Mashine nyingi husajiliwa kwa barua pepe ya mnunuzi wa kwanza, na bila yeye kuiachia, huwezi kusasisha. Iwashwe mbele yako, iunganishwe na intaneti, ifungue ukurasa wa visasisho, ionyeshe tarehe leseni inapokwisha. Kisha ichomekwe kwenye gari lako, halafu ndipo mzungumze bei.