Kabla ya Kuiongezea Subaru Nguvu

Katika miji ya Afrika Mashariki, na hasa Nairobi, ni vigumu kulipata gari linalowashughulisha vijana wapenda mwendo kama Subaru Impreza WRX, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1992 ikiwa na injini ya lita 2 ambayo silinda zake nne hulala ubavuni, mbili kulia na mbili kushoto, pamoja na tabo ya kuishindilia hewa na nguvu inayogawiwa magurudumu yote manne. Umaarufu wake haukuletwa na matangazo peke yake: Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akafuata mwaka 2000, na Patrick Njiru, mwana wa Kenya, alikuwa amekwisha kuwazoesha watu wa kando ya barabara kuitambua ngurumo yake. Haishangazi basi kwamba anayejaaliwa kuipata moja, ingawa imekwisha kutumika Japani miaka mingi, huona haja ya kuibadili kabla hajaifahamu. Na kwa bahati mbaya aghalabu huanzia mahali alipostahili kumalizia.

Sauti ndiyo inayomvuta kwanza. Ngurumo ya Subaru za zamani, ile inayokatikakatika, ilitokana na mabomba ya kuchukulia moshi kutoka katika silinda kutolingana urefu, hata mapigo ya moshi yakawa yanaifikia tabo kwa nyakati zisizo sawa. Mnunuzi asiyeijua asili hiyo hudhani kwamba sauti na nguvu ni kitu kimoja, akafunga ekzosi pana kama mdomo wa mtungi, kisha akaongeza valvu ya kupumulia ambayo, kila aachiapo mafuta, hutoa mluzi wa kuwageuza wapita njia shingo. Valvu hiyo ina kazi yake ya haki, kwani dereva anapoondoa mguu, mlango wa hewa wa injini hufungwa ghafla, na hewa iliyokwisha kushindiliwa hukosa pa kwenda, ikataka kurudi ilikotoka na kuyapiga mapanga ya tabo. Ndiyo sababu watengenezaji wakaifanyia njia ya kando, irudishwe katika bomba la kuvutia hewa. Lakini WRX nyingi zina kifaa kinachoipima hewa yote inayoingia, na kompyuta ya injini hutoa petroli kwa kadiri ya hesabu hiyo. Hewa iliyokwisha kuhesabiwa ikitupwa nje kwa ajili ya mluzi, kompyuta haina habari. Humimina petroli ya hewa isiyokuwapo, na matokeo yake ni moshi mweusi, milio ya kupasuka katika ekzosi, na mara nyingine injini kuzimika kwenye taa za barabarani, mbele ya watu wale wale waliokusudiwa kustaajabu.

Mwenye busara huanza kwa kulirudishia gari afya liliyotoka nayo kiwandani. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, lakini WRX nyingi zilizomo barabarani ziliingia zamani, nazo zinaendelea kuzeeka mikononi mwa mmiliki baada ya mmiliki. Mpira huchakaa kwa joto na kwa miaka hata gari lisipotembea, kwa hiyo bushi, mauntingi za injini, boljointi na mipira ya breki ni vitu vya kuchunguzwa kabla ya chochote kinachong'aa. Kadhalika mkanda wa taimingi, ambao katika injini hizo hubadilishwa karibu na kila kilomita 100,000, usiachwe kwa kuiamini mita, kwani mita ya gari la mtumba si shahidi mwadilifu siku zote. Mkanda ukikatika, pistoni na valvu hugongana, na gharama yake inaweza kuikaribia thamani ya gari lenyewe. Tabo nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, juu ya utando mwembamba wa oili, na anayechelewesha kubadilisha oili, au anayeizima injini papo hapo baada ya kuikimbiza sana, anaiunguza oili hiyo ndani ya bearing zake. Fedha inayotumika hapa haionekani kwa jirani wala haipigwi picha, nami nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupuuzwa kwake.

Gari likisharudi katika hali yake, kitu cha kwanza cha kununua ni tairi. Nguvu yoyote ya injini, ustadi wowote wa usukani na ukali wowote wa breki hupitia vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiigusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne zinazoeleza wiki na mwaka lilipotengenezwa, mathalani 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lenye kashata nzuri lakini lenye umri mkubwa huwa limekauka, likateleza penye maji kwa namna isiyotabirika. Ama upana na rimu, tamaa iwekewe mpaka. Tairi la 205/55R16 lina ubavu wa karibu milimita 113. Mwenye gari akihamia rimu za inchi 18 na tairi la 225/40, ubavu hushuka hadi milimita 90, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipokea pigo la shimo badala ya rimu. Katika barabara laini usukani huitika upesi zaidi, hilo ni kweli. Lakini mtu na aihesabu njia yake ya kila siku kabla hajalipa.

Breki hufuata. Gari linapoongeza mwendo maradufu, nishati ambayo breki hulazimika kuigeuza joto huwa mara nne, na kwa anayeanza, pedi bora na mafuta mapya ya breki hutosha pasipo kubadili diski wala kalipa. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo: yale ya daraja ya DOT 4, ambayo yakiwa mapya hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, kipimo chake hushuka hadi nyuzi 155 yakishalowana, nayo yakichemka hufanya mapovu, pedeli ikazama hadi sakafuni. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 hugharimu kidogo kuliko stika za kupamba mlango.

Kuhusu springi, kuna jambo la kuchekesha. Kijana huzikata na kuishusha Impreza yake mpaka tumbo likwaruze matuta, na huku ukutani kwake amebandika picha ya gari la McRae, ambalo kwa Safari lilinyanyuliwa, likafungiwa vyuma vya kukingia wanyama mbele na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi usawa wa dari kwa ajili ya mito. Atakaye gari lisilolala sana penye kona na aweke shokapu nzuri pamoja na springi zilizokusudiwa kwenda nazo, kisha stebilaiza nene zaidi ya nyuma, kwani Impreza kwa tabia huelekea kusukuma pua nje ya kona. Chuma cha milimita 22 badala ya 20 chaonekana tofauti ndogo, lakini ukakamavu wake hupanda kwa karibu nusu nzima.

Nguvu ndiyo ya mwisho, na WRX ya kwanza ilitoka na nguvu za farasi 240, ambazo si haba kwa barabara yoyote ya kwetu. Programu iliyomo katika kompyuta yake iliandikwa kwa petroli ya daraja ya juu ya Japani, inayoweza kufika oktani 100. Penye petroli ya chini ya hapo, mchanganyiko huweza kuwaka kabla ya wakati, injini ikagonga, na kompyuta ikachelewesha cheche ya moto ili kuiokoa. Kwa hiyo fundi mwaminifu anayeirekebisha programu huku kwetu huenda akaanza kwa kupunguza badala ya kuongeza, na mteja asiyeelewa humwona kama mwizi. Ekzosi pana na chujio la hewa lililo wazi, vikifungwa pasipo marekebisho hayo, huweza kupandisha msukumo wa tabo na kuipotosha hesabu ya hewa, petroli ikapungua pale inapohitajiwa mno. Pistoni nyingi zimetoboka kwa njia hiyo.

Vifaa vya asili vilivyofunguliwa vifungwe vizuri na kuhifadhiwa nyumbani, na kampuni ya bima ijulishwe mabadiliko yaliyofanywa, maana mnunuzi wa kesho ataviulizia vile, na mkaguzi wa ajali atayaulizia haya.