Kukwangua Rangi Kuukuu ya Gitaa: Mlinde Mtoto

Leo tunazungumzia kazi ambayo vijana huifanyia uani: kukwangua rangi kuukuu ya gitaa ili lipakwe upya. Fadhili William, aliyerekodi wimbo "Malaika", alikuwa mwana wa Taita na mpiga gitaa, kwa hivyo hatumkatazi kijana. Tunataka afanye kazi yake bila kumdhuru mdogo wake.

Kwa nini rangi nyingine hugoma kutoka? Vanishi si za aina moja. Kuna inayolainika kwa thina, na kuna ngumu kama plastiki, hasa kwenye magitaa ya umeme. Kijana ajaribu kwanza tone la thina kwenye kitambaa, mahali pasipoonekana. Rangi ikianza kunata, itafutika kidogo kidogo. Isiponata, kuongeza thina ni kupoteza pesa na kujaza mvuke. Hapo atumie msasa wa maji, ambao huzuia vumbi kupaa, lakini aloweshe kidogo tu, maana maji mengi huvimbisha mbao.

Mama, hatari ya kwanza ni vumbi. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na huwezi kuyatambua kwa macho. Mtoto hutambaa, hushika vumbi, kisha hutia vidole mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua na hupunguza damu, na mara nyingi mtoto haonyeshi dalili mapema. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa mama mjamzito, hupita hadi kwa mtoto tumboni. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua risasi: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichoanza huko mwaka 2007 kilifungwa mwaka 2014, baada ya wakazi, wakiwemo watoto, kuathirika.

Kwa hivyo, fuata haya:

1. Kazi ifanyiwe nje, mbali na jikoni, mtungi wa maji na nguo zilizoanikwa. Upepo wa Voi unaujua: ukivuma, kazi ingoje.

2. Watoto na wajawazito wasikaribie.

3. Rangi isichomwe kwa moto. Joto kali hutoa mvuke wa risasi.

4. Tandika karatasi ya nailoni chini. Ukimaliza, usifagie. Pangusa kwa kitambaa kibichi, funga mabaki kwenye mfuko, usiyachome wala kuyamwaga shambani.

5. Kijana avae barakoa ya kuzuia vumbi laini. Leso puani haitoshi. Aoge na abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

Hatari ya pili ni thina yenyewe. Mvuke wake hulewesha, na hushika moto upesi, hata kutoka kwa jiko au koroboi iliyo hatua chache. Tena usiiweke kamwe kwenye chupa ya soda! Mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo.

Na akiinywa? Usimtapishe, wala usimpe maziwa umlazimishe anywe. Akitapika, thina huweza kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni, kisha mkimbize kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi. Beba chupa ile, daktari aione. Hata akionekana mzima, nenda.

Ikiwa mtoto wako amekuwa akicheza kwenye vumbi la rangi, mweleze daktari na umuulize kuhusu kupima damu. Mpe pia mboga za majani, pojo na maziwa: chakula chenye madini ya chuma na kalisi hupunguza risasi inayofyonzwa tumboni, ingawa hakichukui nafasi ya matibabu.

Gitaa litapakwa rangi tena hata mara kumi. Ubongo wa mtoto ni mmoja.