Mazoezi ya Taratibu Baada ya Tiba ya Saratani

Mgonjwa wa saratani kutoka Masasi au Newala anayepewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri zaidi ya kilomita 500 kabla hajaianza tiba. Akihitaji mionzi, kwa kawaida huipata siku tano kwa wiki, kwa majuma kadhaa, hivyo hulazimika kukaa huko kwa ndugu au jamaa mpaka amalize. Arudipo nyumbani hupokewa kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Hutandikiwa mkeka uvulini, mawifi na mabinti hugawana kazi zake, naye huambiwa na kila ajaye kumpa pole neno moja linalosemwa kwa mapenzi: pumzika.

Pumziko lina siku zake. Kidonda cha upasuaji kinahitaji muda wa kufunga, na siku chache baada ya kila dozi ya dawa za saratani mwili huwa hauna nguvu ya kufanya lolote. Tatizo huanza pale pumziko la siku chache linapogeuka kuwa maisha ya miezi. Misuli isiyotumika hupungua upesi, hasa ya mapaja, viungo hukakamaa, moyo na mapafu huzoea kazi ndogo, hata kwenda msalani na kurudi kukamfanya mtu ahemewe. Tena uchovu wa saratani una tabia yake: hautoki kwa kulala. Mgonjwa huamka asubuhi amechoka kama alivyolala, akadhani ugonjwa umerudi, akalala zaidi, na kulala huko kukamzidishia unyonge. Upimaji wa damu ni muhimu hapa, kwa kuwa upungufu wa damu nao huchosha na una tiba yake. Lakini ikiwa damu ni ya kutosha na hakuna maradhi mengine, kinachousaidia mwili kutoka katika mzunguko huo ni mwendo wa kiasi, unaoongezwa kidogo kidogo. Mwaka 2019 wataalamu wa nchi mbalimbali walioitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani walipendekeza kwa waliotibiwa saratani mazoezi ya mwendo ya dakika 30, mara tatu kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili kwa wiki. Hicho ni kipimo cha kufikia. Anayeanza aweza kuanza na dakika tano.

Miongoni mwa mazoezi yaliyochunguzwa sana kwa wagonjwa hawa, hasa kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, ni yoga ya taratibu. Neno hili huwatia watu wengi wasiwasi, na wasiwasi huo haufai kudharauliwa. Asili ya yoga ni India, na huko imefungamana na imani. Kinachotumika katika tiba, hata hivyo, ni sehemu zake tatu tu: kunyoosha viungo polepole, kuvuta na kutoa pumzi kwa utaratibu, na kutuliza mwili kwa dakika chache. Hakuna maneno ya ibada yanayotamkwa, wala hakuna haja ya jengo au vifaa. Mkeka unatosha, na kwa asiyeweza kuketi chini, kiti kigumu kisichoyumba. Muumini wa Kiislamu anayerukuu na kusujudu kila siku anajua tayari jinsi mgongo na magoti yanavyonyooka kwa utaratibu. Na aliyeruhusiwa kuswali ameketi kwa sababu ya ugonjwa anajua pia kwamba kupunguza si kuacha.

Pumzi ndiyo ya kuanza nayo, kwa kuwa hata aliye kitandani anaiweza. Mgonjwa hulala chali au kuketi ameegemea, mkono mmoja juu ya tumbo. Huvuta hewa kwa pua mpaka tumbo liuinue mkono, kisha huitoa polepole kwa mdomo, kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyoivuta. Mara tano au sita zatosha, asubuhi na kabla ya kulala. Zoezi hili hulegeza misuli ya shingo na kifua, na huwasaidia wengi wasiopata usingizi kwa ajili ya mawazo.

Kwa mwanamke aliyeondolewa titi, kiungo cha kuangaliwa kwanza ni bega. Baada ya upasuaji kovu huvuta, na kama tezi za kwapani ziliondolewa, au kifua kilichomwa kwa mionzi, ngozi na misuli huzidi kukaza. Mama huyo asipolizoesha bega mapema, baada ya miezi michache atashindwa kufunga kilemba, kuanika kanga kwenye kamba, au kusukwa nywele akiwa ameinua mkono. Siku za mwanzo, wakati mrija wa kutolea maji ya kidonda ungalipo, mkono hauinuliwi kupita usawa wa bega. Kufumba na kufumbua ngumi, kukunja kiwiko, na kuzungusha mabega kunatosha. Kidonda kikishafunga, na daktari au muuguzi akiruhusu, huja mazoezi mawili ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya. La kwanza ni kusimama mbele ya ukuta na kuutambaza mkono juu kwa vidole, kama buibui apandavyo, mpaka pale panapovuta bila kuuma. Hapo hutiwa alama ya mkaa. Wiki ifuatayo alama hutiwa tena. La pili ni kulala chali, kushika mpini wa jembe kwa mikono yote miwili, na kuuinua polepole kuelekea kichwani, mkono mzima ukiusaidia ule wenye kovu. Kuvuta ni kawaida. Maumivu makali ni amri ya kusimama.

Linalowasumbua zaidi wanawake wa huku ni swali la mizigo. Tezi za kwapani zikiondolewa au kuchomwa, maji ya mwili ambayo zilikuwa zikiyapitisha huchelewa kurudi, na mkono waweza kuvimba, mara nyingine miaka mingi baada ya tiba. Kwa muda mrefu wanawake hao waliambiwa wasinyanyue kitu kizito maisha yao yote. Katika nyumba yenye bomba sebuleni huenda agizo hilo likatekelezeka. Juu ya uwanda wa Makonde, ambako uhaba wa maji ni wa tangu enzi na ndoo ni sehemu ya siku ya mwanamke, agizo hilo lina maana ya kumwambia asiwe na kaya. Baadhi hulitii wakawa mzigo machoni pa wakwe. Baadhi hulipuuza siku ya kwanza, wakanyanyua lita 20 kwa mkono uliolala miezi minne, wakaumia kweli.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 nchini Marekani ulitoa jibu lenye manufaa kwa pande zote mbili. Wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe wa mkono baada ya saratani ya matiti waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likafundishwa kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki. Walianza na uzito mdogo sana, wakaongeza taratibu chini ya uangalizi, huku wakivaa mfuko wa kubana mkono. Mwaka ulipokwisha, uvimbe wao haukuwa umeongezeka kuliko wa wenzao wasionyanyua kitu. Nguvu zao zilikuwa zimepanda, na vipindi vya uvimbe kuzidi vilikuwa vichache zaidi kwao. Msingi wa jambo ni kwamba mkono uliozoezwa polepole hustahimili mzigo, na mkono uliolazwa kisha ukashtukizwa ndio unaovimba.

Kwa lugha ya nyumbani, hii ina maana ya chupa ya maji ya nusu lita kabla ya lita moja, lita moja kabla ya kidumu cha lita tatu, na kila hatua kukaa nayo wiki mbili au zaidi bila mkono kujaa wala kuwa mzito. Ndoo kubwa hugawanywa. Wanaume na vijana wa nyumba wana nafasi yao hapa, na haifai wangoje kuombwa.

Mkono huo hulindwa pia dhidi ya vidonda, kwa maana mchubuko mdogo huweza kuleta maambukizi, na maambukizi huleta uvimbe. Katika wilaya za korosho tahadhari ya pekee yahitajika wakati wa kuchoma na kubangua: mafuta ya ganda huunguza ngozi. Glavu au kitambaa kizito ni lazima, au kazi hiyo aachiwe mwingine.

Saratani inayoongoza kwa wanawake nchini Tanzania ni ya mlango wa kizazi. Waliopata mionzi ya nyonga hupata ukakamavu wa nyonga, kushindwa kuzuia mkojo, na baadhi yao uvimbe wa mguu. Kwao hufaa kulala chali na kulivuta goti moja kifuani kwa zamu, kukaza misuli ya chini kama mtu anayezuia haja ndogo kisha kuilegeza, na kuchezesha vifundo vya miguu wakiwa wameketi. Zoezi hili la vifundo linamfaa pia kila anayesafiri kwenda kliniki, kwa sababu kukaa saa nyingi ndani ya basi huweza kugandisha damu miguuni, na mgonjwa wa saratani yumo katika hatari hiyo kuliko mtu mwingine. Mwenye saratani ya ngozi iitwayo Kaposi, ambayo nayo huvimbisha miguu, asianze zoezi lolote kabla ya kuonwa.

Wanaume waliotibiwa saratani ya tezi dume kwa dawa za kupunguza homoni hupoteza misuli na uimara wa mifupa bila kuona dalili. Kuketi na kuinuka kitini bila kushika, mara nane au kumi, ni zoezi dogo lenye faida kubwa kwao. Lakini msimu wa kupulizia mikorosho haufai kuwa siku yao ya kwanza ya mazoezi: mashine ya mgongoni ni mzigo wa uti wa mgongo, na saratani hiyo hupenda kusambaa kwenye uti huo huo.

Kutembea ndiko kunakobaki kwa wote. Kipimo chake ni mazungumzo: anayetembea aweze kuzungumza na mwenzake, lakini asiweze kuimba. Njia tambarare na ngumu ndiyo ya kuanzia. Njia za mchanga mzito huchosha maradufu, na miteremko ya ukingo wa Newala kuelekea bonde la Ruvuma ni ya kuachwa mpaka nguvu zirudi, kwa kuwa anayeteremka hana budi kupanda. Asubuhi mapema, kabla jua halijakolea, ni wakati mwema.

Zoezi husimamishwa na mgonjwa kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo akiwa na homa, kutoka damu, maumivu ya kifua au kushindwa kupumua, mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla, au mkono kuwa mwekundu na wa moto. Maumivu mapya ya mgongo yanayozidi usiku, miguu kulegea, au kushindwa kuzuia haja ni dharura isiyongoja kesho.

Mazoezi haya ni sehemu ya huduma za utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wake, na hayachukui nafasi ya dawa wala ya kliniki. Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani aulize katika zahanati yake, katika Hospitali ya Mkomaindo, Ndanda au Newala, iwapo kuna mtaalamu wa tiba ya viungo wa kumtazama kabla hajaanza, na aende na karatasi zake zote za Ocean Road, kwani humo ndimo ilimoandikwa kama tezi ziliondolewa na mionzi ilipita wapi. Mwenye kuhofia uvimbe aupime mkono kwa uzi: auzungushe sentimita kumi juu ya kiwiko na kumi chini yake, afunge fundo palipokutana, kisha afanye hivyo kwa mkono wa pili. Arudie kila mwezi, mahali pale pale, na nyuzi hizo azihifadhi pamoja na kadi, ili siku ya kliniki daktari azione.