Je, Mvinyo wa Bei Nafuu Ni Duni? Sayansi ya Kuonja

Mnamo tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza mmoja mfanyabiashara wa mvinyo, Steven Spurrier, aliwakusanya mjini Paris waonjaji tisa mashuhuri wa Kifaransa. Mbele yao ziliwekwa bilauri za mvinyo wa Ufaransa na wa California, Marekani, pasipo kuonyeshwa chupa wala majina. Kila mmoja alionja na kutoa alama. Alama zilipojumlishwa, mvinyo mweupe ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa wa California. Na mwekundu ulioshika nafasi ya kwanza ulikuwa wa huko huko. Wakati ule watu wengi waliamini kuwa hapakuwa na mvinyo duniani uwezao kuushinda wa Ufaransa. Waonjaji wale walikuwa mabingwa wa kazi yao. Ila siku hiyo hawakuiona lebo.

Tukio hilo laleta swali linalomhusu kila mnunuzi, awe ananunua mvinyo, majani ya chai au mafuta ya kupikia: je, mtu huonja kilichomo kinywani, au huonja bei na jina?

Kinywa, pua na ubongo

Ulimi hutambua ladha chache tu: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha ya mchuzi wa nyama ambayo mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aliieleza mwaka 1908 na kuiita umami. Vitabu vingi vya shule vimechora ramani ya ulimi ikionyesha utamu mbele na uchungu nyuma. Ramani hiyo si sahihi, kwani kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya kuonjea hutambua ladha zote.

Mengi yanayoitwa ladha kwa hakika ni harufu. Mtu atafunapo au amezapo, mvuke wa chakula hupanda kutoka nyuma ya kinywa hadi puani. Ndiyo sababu mwenye mafua hulalamika kuwa chakula hakina ladha, ingawa ulimi wake ni mzima.

Habari zote hizo hukutanishwa ubongoni pamoja na zile za macho na za kumbukumbu, na hapo ndipo udanganyifu hupata nafasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wataalamu wa Bordeaux, Ufaransa, waliutia mvinyo mweupe rangi nyekundu isiyo na harufu, wakawapa waonjaji 54. Waonjaji hao waliueleza kwa maneno yatumikayo kwa mvinyo mwekundu. Mwaka 2008 watafiti wa California waliwapa watu 20 mvinyo ule ule mara mbili, mara moja wakiambiwa bei yake ni dola 5 na mara nyingine dola 45. Walipotajiwa bei kubwa waliupenda zaidi. Hata mashine iliyopima kazi ya ubongo ilionyesha kuwa sehemu inayohusika na kuhisi raha ilichangamka zaidi. Watu hao hawakusema uongo. Bei ilikuwa imebadili raha yenyewe. Mwaka huo huo ulichapishwa uchunguzi mwingine wa maonjo zaidi ya 6,000 ambamo bei ilifichwa. Watu wa kawaida hawakuupenda mvinyo wa ghali kuliko wa rahisi. Bali waliupenda kidogo chini yake.

Chakula hubadili mvinyo

Bei haibadili kitu ndani ya bilauri, lakini chakula hubadili jambo halisi kinywani. Mvinyo mwekundu una tanini zitokazo katika maganda na mbegu za zabibu. Tanini hushikamana na protini za mate ambazo kazi yake ni kulainisha kinywa. Basi kinywa hukauka na kukaza, hali iitwayo ukakasi, ambayo kila aliyewahi kula ndizi mbichi anaijua. Mvinyo huo ukinywewa pamoja na nyama choma, tanini hupata protini nyingine za kushikamana nazo, na mafuta ya nyama hulainisha kinywa. Mvinyo uliokuwa mkavu mno huonekana laini.

Mvinyo mweupe aghalabu una uchachu mwingi zaidi. Asidi iliyo kuu katika zabibu ni asidi ya tatariki, ndiyo hiyo hiyo inayoupa ukwaju uchachu wake. Kwa hiyo mvinyo mweupe mchachu hufaa samaki wa kukaanga kwa sababu ile ile inayomfanya mpishi wa pwani amkamulie ndimu. Chakula chenye pilipili nyingi hakipatani na mvinyo wenye alkoholi nyingi, kwa kuwa alkoholi huamsha neva zile zile za joto zinazoamshwa na pilipili. Nacho chakula kitamu sana huufanya mvinyo usio na sukari uonekane mchachu kupita kiasi. Kanuni hizi ni zile zile kwa chupa ya bei ndogo na ya bei kubwa.

Jaribio la kufanywa

Mtu mzima anywaye mvinyo aweza kufanya jaribio nyumbani bila gharama kubwa. Mtu mmoja huzifunga chupa tatu za bei nafuu kwa magazeti, huzipa namba, kisha haonji. Wengine huonja kidogo kidogo, wakisukutua kwa maji kati ya chupa na chupa, na kila mmoja huandika maoni yake kabla ya kuzungumza na mwenzake. Baadaye huonja tena pamoja na chakula, na mwisho magazeti hufunuliwa.

Kileo si kitu cha wanafunzi, wala hakihitajiki ili kujifunza somo hili. Darasani yatosha chai ya rangi iliyokolea, isiyo na sukari, kwani nayo ina tanini. Kuionja kavu, kisha kuionja tena baada ya kutiwa maziwa, kutaonyesha jinsi protini za maziwa zinavyopunguza ukakasi. Mwalimu aweza pia kuweka vikombe vitatu, viwili vya chai ya aina moja na kimoja cha aina nyingine, na kumtaka mwanafunzi akitambue kilicho tofauti. Anayebahatisha atapatia mara moja kwa kila tatu. Akipatia mara nne mfululizo, uwezekano wa kuwa ni bahati tu ni 1 kwa 81.

Jambo hili lina uzito kwa Tanzania. Mkoani Dodoma, katika nchi kame, wakulima huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kutokana nazo hutengenezwa mvinyo. Ikiwa kipimo ni lebo ya ng'ambo, mvinyo huo utashindwa kabla kizibo hakijazibuliwa. Ikiwa kipimo ni chupa iliyofunikwa, utashinda au kushindwa kwa haki, na mtengenezaji atajua la kurekebisha. Wale mabingwa wa Paris walikubali kufichwa majina, na matokeo hayakuwafurahisha. Lakini ni kwa njia hiyo tu walipata kujua ndimi zao wenyewe zilisema nini.