Waya wa Kurudi na Waya wa Ardhi

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo mafundi wengi hulibishania: katika sanduku la pili la umeme, waya wa kurudi uunganishwe na waya wa ardhi, au utengwe nao?

Tuseme mfanya biashara wa Kibirizi ana duka karibu na mwalo. Umeme huingia kwanza dukani, kwenye swichi kubwa. Nyuma, karibu na maji, amejenga banda la friza za migebuka, akatia humo sanduku dogo lilishwalo na lile la dukani.

Nyaya ziendazo bandani ni tatu. Waya wa moto, mwekundu au wa kahawia, huleta umeme wa volti 230. Waya wa kurudi, ambao mafundi huuita nyutro, mweusi au wa buluu, huurudisha umeme ukiisha kufanya kazi. Waya wa ardhi, wa kijani na njano, umefungwa kwenye mabati yote, nao hungoja siku ya hatari tu: waya wa moto ukichubuka na kugusa bati la friza, yeye huuchukua umeme ule usipite katika mwili wa mtu.

Kule kwenye transfoma nyutro imekwisha kuunganishwa na ardhi. Mbona basi isiunganishwe tena bandani? Kwa sababu umeme wa kurudi utaona njia mbili, ugawanyike, na sehemu yake ipite katika waya wa ardhi kila siku. Kisha nyutro ikikatika kwa kutu, na unyevu wa ziwani haukosi kuleta kutu, umeme wote hurudi kwa waya wa ardhi. Friza yaendelea kugandisha, hakuna ajuaye. Siku waya huo nao utakapolegea, bati la friza litakuwa na moto, na mchuuzi mwenye miguu mitupu, mikono imelowa maji ya samaki, ataligusa.

Wako wasemao kwamba fimbo ya shaba iliyopigwa mchangani yatosha. Na tupige hesabu. Ikiwa ukinzani wa fimbo ile ni omu 20, volti 230 zitapitisha ampia 11 na nusu tu, na fyuzi ya ampia 32 haitakatika kamwe. Ndiyo maana twataka swichi ya uvujaji, ambayo hulinganisha umeme uendao na urudio, na hukata tofauti ikifika sehemu 30 katika 1,000 za ampia moja. Lakini nyutro ikiunganishwa na ardhi mbele ya swichi hiyo, itakata mara kwa mara, na mwenye duka ataamuru iondolewe. Huko ni kumfukuza mbwa kwa kuwa abweka.

Huko Marekani kiungo hicho hufanywa katika sanduku la kwanza, wala si la pili. Kwetu ni kazi ya wenye kuleta umeme, si ya mwenye nyumba.

Basi mwiteni fundi mwenye leseni. Azime swichi kubwa, apime kwanza kama umeme umekwisha, ndipo afungue sanduku dogo. Ataona vipande viwili vya shaba: kimoja cha nyutro, kilichokaa juu ya plastiki, na kimoja cha ardhi, kilichoshikamana na bati. Akikuta waya au parafujo inayoviunganisha, na aiondoe.