Buruse ya Mwalimu na Mbalamwezi ya Rumonge

Katika Rumonge, mji wa mawese na ndagala ulioko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kusini ya Bujumbura, riziki ya mvuvi hufuata mwezi wa angani wala si mwezi wa kalenda. Maana ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapowaka samaki hawaijali tena taa, mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu zikaanikwa, na baba wa nyumba akawa hana la kuuza mpaka giza lirudi. Basi mtie katika nyumba hiyo kijana aliyefaulu mtihani wa taifa na kutamani ualimu, ambaye hana budi kupanda gari kwenda Bujumbura, akapange chumba, ale, anunue madaftari, na hayo yote humdai fedha kila mwisho wa mwezi, mbalamwezi iwepo isiwepo. Hapo ndipo buruse, kama tuiitavyo huku, inapodhihirisha thamani yake: ni posho ya kudumu ya mwanafunzi, ambayo nyumba ya mvuvi, hata ikiwa na mapenzi makubwa, haiwezi kuiahidi.

Haja ya walimu haifichiki. Mwaka 2005 serikali ya Burundi iliondoa ada katika shule za msingi, watoto wakafurika madarasani kuliko walimu waliokuwapo. Na katika miaka ile ile Kiswahili na Kiingereza vikaingizwa katika shule hizo, na mwaka 2007 nchi ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, hata lugha ambayo watu wa Rumonge na wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, waliirithi kwa wazee wao bila ya kitabu, ikawa sasa yataka walimu waliosomea, watokao katika vyuo kama École Normale Supérieure ya Bujumbura, iliyoundwa upya mwaka 1999.

Lakini mwaka 2018 buruse ya serikali iligeuzwa kuwa mkopo. Mkopo wenyewe siulaumu. Tanzania ina Bodi ya Mikopo tangu 2005, na mwajiriwa aliyekopeshwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Ninalolisema, na nalisema kwa moyo wote, ni kwamba mwalimu ana namna yake ya kulipa. Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha St. Mary's, Tabora, alipata msaada wa masomo uliompeleka Edinburgh mwaka 1949, na aliporudi mwaka 1952 alikwenda kusomesha Pugu. Kwa nini basi kijana atakayekubali kusomesha miaka kadhaa Rumonge au Nyanza-Lac, na hasa katika shule za milimani ambako wengi hawataki kwenda, asipunguziwe deni lake kila mwaka autumikiao, ilhali mshahara wa mwalimu ni haba na faida ya kazi yake ni ya umma mzima?

Mzee mmoja mvuvi alinifuata mwaloni na karatasi ya mkopo ya mwanawe, ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. "Mwalimu," aliniuliza, "deni hili ni la mtoto au ni la nyumba?" Nilimsomea sharti baada ya sharti, naye akanirudisha mara mbili penye malipo, kisha akamwita kijana, aliyekuwa akishona wavu, aje alisikie mara ya tatu kabla ya kutia sahihi.